Maneno Niliyompunguzia Bwana Shamba

Sijawahi kumpenda Bwana Shamba. Naona niseme hivyo mapema, mtu asije akadhani naandika risala ya kusomwa kaburini. Nilimwogopa nikiwa mtoto, nikamheshimu nilipoanza kazi ya ualimu, kisha kwa miaka mingi nikawa na hasira naye kwa kosa moja tu, kwamba alisema kweli siku ambayo mimi niliikwepa. Hasira ya namna hiyo inachosha, maana huna mahali pa kuipeleka.

Jina alikuwa nalo, ila hakuna aliyelitumia. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa mtaalamu wa kilimo wa vijiji vya upande wetu, juu ya Nkunga, kule ambako mawingu yanashuka mchana na kukaa migombani mpaka jioni. Vijana walimwita Bwana Shamba. Mama yangu, ambaye Kiswahili chake kilipitia Kinyakyusa kwanza, alimwita Bwana Samba, na alilitamka jina hilo kama mtu anayetema kaa la moto.

Hodi yake ilianzia shambani. Ulikuwa unasikia majani ya migomba yakisukumwa nyuma ya nyumba, halafu buti, halafu kimya kirefu, na ndipo anatokea mlangoni akiwa ameshaona makosa matatu. Mche huu umeupanda karibu mno. Mtaro ule umeziba. Kahawa hii ina ugonjwa na wewe umekaa ndani. Baada ya hapo ndiyo anakuuliza umeamkaje.

Hakuwa mtu wa kunywa chai, ingawa nusu ya wakulima wa chai wa tarafa yetu aliwafundisha yeye kuipanda. Ukimkaribisha kikombe anakwambia chai ni ya kuuza, anaomba maji ya moto. Na alikuwa na swali lake moja ambalo watoto tulilifanyia mzaha mpaka tukachoka: Umepima? Ukimwambia shamba lako limepungua, umepima? Ukimwambia mtoto ana homa kali, umepima? Siku moja mchungaji alihubiri juu ya upana wa upendo wa Mungu, na sisi wa kwaya tukageuka wote kumtazama Bwana Shamba, tukabana vicheko. Yeye alikuwa amefumba macho. Alikuwa mzee wa kanisa, na aliomba kama alivyofanya mambo mengine yote, kwa ufupi na kwa kutaja vitu kimoja kimoja.

Alipokasirika hakupaza sauti. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, akaongea polepole.

Sasa niseme kwa nini mama yangu hakumpenda, maana bila hilo mengine hayataeleweka.

Zamani, amri zilipokuwa amri, Bwana Shamba alikuwa mkono wa kuzitekeleza. Kulikuwa na mjane huko Masoko aliyechanganya migomba na kahawa, na kanuni ya wakati huo ilikataza. Bwana Shamba alimwonya mara mbili, na mara ya tatu alikuja na vijana wenye mapanga. Migomba ikalala chini, na yule mama akakaa katikati yake kutwa nzima. Miaka michache baadaye, watu wakaambiwa washuke kutoka mlimani wakae pamoja kando ya barabara, wawe kijiji. Aliyepima viwanja vipya ni yeye, kwa kamba yenye mafundo. Aliyepanda juu kuwaambia watu siku ya mwisho ya kubomoa ni yeye vilevile. Nyumba ya wazazi wangu ilikuwa huko juu. Mama alikuwa akisimulia jinsi Bwana Samba alivyohesabu hatua zake kupita kwenye maharage yake yaliyokuwa yameanza kutoa maua, bila kutazama chini.

Ile ardhi ya juu tuliyoiacha haikukaa bure. Watu walirudi kufunga ng'ombe huko, kukata nyasi za kuezekea, kuokota kuni, kuchota maji kwenye chemchemi ambayo haikuwahi kukauka. Ikawa ya kila mtu. Tuliiita Uwanda, na hakuna aliyefikiri kwamba inahitaji karatasi.

Halafu nyakati zikabadilika. Redioni tulisikia kwamba kila kitu sasa ni ruksa. Mitumba ikajaa sokoni Tukuyu, mbolea ikapanda bei mpaka tukaisahau, chama cha ushirika kikabaki na ghala na mlinzi. Kahawa ikawa inanunuliwa na mtu yeyote mwenye gari. Na Bwana Shamba akapewa barua ya kupunguzwa kazini, pamoja na wenzake wengi. Kwa muda aliendelea kupita mashambani kama kawaida, bila mshahara, mpaka kijana mmoja alipomwambia kwamba siku hizi hakuna wa kumpangia mtu migomba yake. Alivua kofia siku hiyo. Aliivaa tena akaondoka.

Ni wakati huo ndipo ilipokuja safari ya Uingereza.

Usharika wetu ulikuwa na urafiki na kanisa la kijiji kimoja huko. Wao walitutumia kadi za Krismasi na vitabu vya watoto, sisi tukawatumia picha za kwaya. Walikuwa wamezungumzia kutusaidia mabati ya kanisa. Mwaka huo wakaalika watu watatu. Alichaguliwa mchungaji, akachaguliwa Bwana Shamba kwa niaba ya wazee, na mimi kwa niaba ya wanawake, kwa sababu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na Kiingereza changu kilisifiwa kuliko kilivyostahili. Kiingereza cha Bwana Shamba kilikuwa cha vitabu vya kilimo. Alijua majina ya wadudu wote na magonjwa yote ya majani, na alielewa alichoambiwa, ila kusema jambo la moyoni kilimshinda.

Kijiji kile kilikuwa kizuri, siwezi kudanganya. Nyumba za mawe ya rangi ya asali, zimeezekwa kwa nyasi zilizokatwa kingo sawasawa kama nywele za mtoto wa shule. Mwenyeji wetu alituambia kwamba nyasi hizo zinalindwa na sheria, mwenye nyumba haruhusiwi kuweka paa la aina nyingine. Bwana Shamba alisimama akalitazama paa lile kwa muda. Kwetu aliwahi kupita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu kwamba nyasi ni aibu.

Aliyetutembeza ni bibi mmoja aliyestaafu kazi ya ukutubi, mwembamba, mwenye fimbo na buti za matope. Historia ya kijiji chake aliijua kama mimi ninavyolijua daftari la mahudhurio. Alituonyesha daraja, kisima, na makaburi ambayo maandishi yake yameliwa na ukungu. Halafu akatupeleka pembeni ya kijiji, kwenye mashamba mapana yaliyozungukwa na ua wa miiba uliokatwa vizuri. Wageni wengine walikuwepo wakiupiga picha. Mchungaji naye akaomba apigwe picha mbele yake.

Bibi yule akatueleza kwamba hapo zamani ua huo haukuwepo. Ardhi ile ilikuwa ya kijiji kizima. Kila familia, hata isiyo na kitu, ilikuwa na haki ya kufunga ng'ombe wake hapo, kulisha bata bukini, kuokota kuni. Haki yenyewe haikuandikwa popote, watu waliijua tu. Kisha wenye nguvu wakapeleka ombi bungeni, sheria ikapita, na karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa kanisa. Aliyekuwa na hati alipewa kipande. Asiyekuwa nayo hakupewa kitu.

Bwana Shamba alimsogelea. Alimuuliza kwa Kiingereza chake cha vitabuni, watu wale walikwenda wapi.

Bibi alimtazama kama mtu aliyesubiri kuulizwa swali hilo kwa miaka mingi. Alisema wengine walikwenda mijini kwenye viwanda. Wengine waliishia kwenye nyumba ya mafukara. Na wengine walibaki, wakaajiriwa vibarua wa siku, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kupanda ua huo huo wa miiba.

Akatupeleka kanisani, kwenye chumba cha nyuma, akafungua ramani ya zamani. Kila kipande kilikuwa na namba na jina. Bwana Shamba aliinama juu yake. Mimi nilikuwa upande wake wa kulia, niliiona vizuri kama alivyoiona yeye. Hakuuliza nani alipewa nini. Aliuliza nani alipima.

Bibi akamwonyesha kwenye kona ya chini jina dogo lililoandikwa kwa mwandiko wa kupendeza. Alikuwa mpima ardhi kutoka mji wa jirani, akasema, mtu wa kawaida aliyelipwa kwa kazi yake. Bwana Shamba akaweka kidole juu ya jina lile, bila kuigusa karatasi. Kidole kilikaa hapo mpaka mchungaji akaanza kukohoa. Kisha akavua kofia.

Jioni hiyo walituandalia keki kwenye ukumbi wa kijiji. Watu walikuwa wema, wengi wao wazee, wakatukaribisha kwa mikono miwili. Mwenyekiti wa kamati yao akamwomba Bwana Shamba aseme machache kuhusu aliyoyaona. Akasimama. Akaniambia atasema kwa Kiswahili, nitafsiri.

Nayakumbuka maneno yake yote. Alisema hivi: "Waambie nashukuru kwa chakula na kwa kitanda. Waambie nimeonyeshwa ua wa miiba, na watu wanaupiga picha kwa sababu ni mzuri. Ule ua ni wizi. Walioufanya walikuwa wanasali kwenye kanisa hilihili, na aliyewapimia alikuwa mtu kama mimi. Nami nimefanya kazi hiyo hiyo kwetu. Nimewatoa watu kwenye ardhi yao nikaiacha tupu, na sikujiuliza tupu hiyo itakuwa ya nani. Waambie leo nimeona mwisho wake."

Ukumbi ulikuwa unanisubiri. Niliona nyuso zile zinazotabasamu. Niliona mchungaji ananikodolea macho. Niliyafikiria mabati.

Nikasema kwa Kiingereza kwamba mzee anashukuru sana, kwamba historia ya kijiji chao imemgusa, na kwamba inafanana na yetu kwa namna nyingi.

Wakapiga makofi. Yule bibi wa fimbo hakupiga. Alikuwa anamtazama Bwana Shamba, ambaye alisimama na kofia yake tumboni, na macho yake yalikuwa kwangu.

Hakunisemesha mpaka kesho yake, tukiwa kwenye basi la kwenda uwanja wa ndege. "Mimi nimesema mengi, wewe umesema mawili," alisema. Nilimjibu kwamba nilitaka kulinda uhusiano, kwamba wale ni wafadhili, kwamba kuna suala la mabati. Alilirudia neno hilo, mabati, taratibu, halafu akageukia dirisha. Mashamba yalikuwa yanapita nje, yote yamezungushiwa ua.

Haukupita mwaka tangu turudi, likaja gari la kampuni. Vijana wakashuka na vyombo vya kupimia vyenye miguu mitatu, wakapanda Uwandani. Neno mwekezaji lilikuwa bado jipya midomoni mwa watu, na lilitamkwa kwa adabu. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza mkutano mkuu. Kampuni ilitaka Uwanda kwa ajili ya shamba kubwa la chai. Kwenye barua yao, iliyobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, ardhi hiyo iliandikwa kuwa haina watu.

Bwana Shamba aliisoma akiwa amesimama kwenye mvua, kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Na kila nyumba ilikuwa na lake la kumkumbusha. Wengine walimwambia wazi kwamba aliyewashusha hana mdomo wa kuwaambia wapandishe sauti. Nyumbani kwetu ndiko alikoanzia, mapema asubuhi, na kwa mara ya kwanza hakupitia shambani. Alipiga hodi mlangoni.

Mama alimjibu akiwa bado anapepeta mchele. "Bwana Samba, wewe ndiye uliyetutoa kule."

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo maana nimeanza kwako."

Mama alipepeta kidogo tena. Halafu akamsogezea kigoda. Sijui waliongea nini baada ya hapo, maana nilikuwa nawahi shule, lakini siku ya mkutano mama alikwenda amejifunga kanga mbili kama mtu anayekwenda kazini.

Mimi nami nilikuwa nimeongea na watu. Mwalimu mkuu alinieleza kwamba kampuni imeahidi madarasa manne. Watoto wangu wa darasa la tatu walikuwa wanakaa chini, na mvua ikinyesha, nayo kwetu haiachi kunyesha, tuliwahamishia kona moja kama mbuzi. Diwani naye alinisimamisha njiani, akaniuliza habari za mama, halafu akasema kwa upole kwamba kuna shule huko mabondeni zinahitaji sana walimu wenye uzoefu. Alitabasamu alipokuwa akisema.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Bwana wa kampuni aliongea vizuri, Kiswahili cha Dar es Salaam chenye vituo mahali pake, akataja ajira, barabara, madarasa. Bwana Shamba akapewa nafasi mwishoni. Aliwaeleza watu juu ya kijiji kile cha Waingereza. Aliwaeleza juu ya ng'ombe na bata na kuni, juu ya karatasi kwenye mlango wa kanisa, juu ya watu waliolipwa kibarua kujizungushia ua wenyewe. Alisema Uwanda si mtupu, ni yeye aliyewaondoa watu wake, na kama kuna mtu wa kuandikwa kwenye barua ile basi aandikwe yeye.

Watu walianza kusikiliza. Niliona mama mmoja ameshusha mtoto mgongoni ili asikie vizuri.

Diwani akasimama akicheka. Alisema mzee wetu ametembezwa Ulaya akarudi na huzuni za Wazungu. "Hao anaowalilia leo ni matajiri," alisema. "Kama ua ndio uliowatajirisha, na sisi tuzungushie." Uwanja ukacheka. Mtu akauliza kwa sauti kama kweli Mzungu anaweza kumnyang'anya Mzungu mwenzake ardhi. Vicheko vikazidi.

Bwana Shamba hakucheka wala hakukasirika. Akanyoosha mkono upande wangu. "Mwalimu alikuwepo. Ile ramani aliiona kwa macho yake. Mwalimu, waambie kama nasema uongo."

Vichwa vyote viligeuka. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye nyasi na wanawake wenzake, na yeye akageuka. Mwalimu mkuu alikuwa nyuma yangu, nilisikia pumzi yake.

Nikasema tulitembezwa sehemu nyingi, muda ulikuwa mfupi, na mambo mengine siyakumbuki vizuri.

Ndivyo nilivyosema. Nimetafuta kwa miaka maneno ya kulainisha hapo, kama nilivyolainisha kule ukumbini, na sijayapata. Mwenyekiti akaita mikono ya wanaokubali. Ikapanda mikono mingi, na wa kwangu ulikuwemo. Mama hakunyoosha. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alitangulia mbele, akaniuliza bila kugeuka: "Ng'ombe nimfunge wapi?"

Ng'ombe aliuzwa kabla ya Pasaka. Waya wa miiba ulizunguka Uwanda wote pamoja na chemchemi ndani yake, na wanawake wakawa wanateremka mpaka mtoni. Kampuni ilipanda chai sehemu ndogo tu karibu na barabara, inayoonekana na wapitao, sehemu iliyobaki ikaota vichaka. Darasa moja lilijengwa mpaka usawa wa madirisha. Lipo hadi leo, migomba imeota ndani. Watoto wangu waliendelea kukaa chini. Sikuhamishwa, na kila mwezi nilipopokea mshahara niliwaza kwamba huo ndio ujira wangu wa kupanda ua.

Bwana Shamba alianza kuandika barua. Aliziandika kwa mkono, akateremka nazo Tukuyu kwa miguu, akakaa kwenye benchi la ofisi mpaka aitwe au mpaka wafunge. Maofisa walihama, wakaja wengine, akaanza upya. Safari moja nilimkuta mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo Tukuyu, amejikinga mvua kwenye baraza ya duka, bahasha ameiweka ndani ya shati. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba. Hakuongeza neno, na kwa miaka yote ile hakuwahi kuongeza.

Kiangazi kimoja, mto ulipokuwa na matope, alikwenda kwenye waya asubuhi kweupe, watu wakimwona, akapima hatua mbili mkabala na chemchemi, akaukata. Kwa kipimo kamili. Alipita hapo na ndoo yake, wanawake wakamfuata. Alikamatwa, akakaa mahabusu siku mbili, na alipotoka waya ulikuwa umeshafungwa. Mchungaji alimwomba aombe radhi kwa ajili ya amani. Alijibu kwamba yuko tayari kuomba radhi kwa mjane wa Masoko, na kwa kweli alikwenda. Nilisikia kwamba yule mama alimsikiliza, akamwambia ndaga, asante ya kwetu, halafu akaendelea kulima. Wengine walisema alimsamehe. Mimi nadhani alikuwa na kazi tu.

Mama yangu alipofariki, Bwana Shamba alikuja msibani akakaa kutwa nzima upande wa wanaume. Alishika jembe zamu yake ilipofika, ingawa miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Mimi hakunitazama. Nilikasirika sana siku hiyo. Nilijiuliza yeye ni nani wa kunihukumu, yeye aliyekata migomba, aliyebomoa nyumba yetu, aliyekanyaga maharage ya mwanamke aliyelala pale kwenye jeneza. Niliyasema hayo yote moyoni nikiwa nimeshika sahani ya wali, na hakuna hata moja lililokuwa uongo, na hakuna hata moja lililonisaidia.

Nilikwenda kwake miaka miwili baada ya hapo. Kampuni ile ilikuwa imeuza hati yake kwa nyingine, na hiyo mpya ilisema mipaka ilikosewa, inadai kipande cha chini vilevile, kilichokuwa na mashamba ya watu na makaburi. Kaburi la mama lilikuwemo. Mkutano ulikuwa umeitishwa. Nilijiambia nakwenda kumjulia hali, maana nilisikia hatoki.

Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti cha mianzi, anamenya ndizi, ndoo ya maji mbele yake. Alikuwa amekonda. Miguu ilikuwa imefungwa vitambaa. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaninyooshea kisu kingine kilichokuwa mezani. Nikakaa nikamenya naye. Tulimaliza kichane kizima.

Ndipo nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha. Nilimweleza kuhusu ukumbi ule wa Uingereza, na kuhusu uwanja wa shule. Nilimwambia niliikumbuka ramani, niliikumbuka hata rangi ya wino. Nililia kidogo, na hata kulia kwenyewe kulinikera.

Aliacha nimalize. Akasukuma maganda kwa ubapa wa kisu. "Mwanangu," alisema, "mimi kwani ulinikana nini? Mimi nilijua nilichoona. Uliowakana ni wale waliokaa kwenye nyasi."

Nikamwambia mama ameshakufa.

"Wengine wapo."

Nilisubiri aseme kwamba amenisamehe. Hakusema. Nilihisi ile hasira ya zamani inapanda, nikainuka, nikaaga, nikasema nawahi mvua. Akainuka naye. Nilimkataza, nikamwonyesha miguu yake, lakini mgeni husindikizwa, na Bwana Shamba hajawahi kuacha mgeni aondoke peke yake. Akachukua fimbo. Tulitembea polepole sana kupita migombani mwake, mvua ikiwa imeshaanza, yeye mbele na mimi nyuma. Sehemu mbili alisimama kupumzika. Sikuthubutu kumshika mkono.

Tulipofika barabarani alinipa mkono wake uliolowa, nikaushika kwa mikono yangu miwili na kupiga goti kidogo, kama mama alivyonifundisha.

"Mkutano ni Jumamosi," alisema. "Saa nne."

Akageuka, akaanza kupanda kurudi kwake.

Jumamosi ile nilifika saa mbili na nusu. Uwanja ulikuwa mtupu na umelowa. Nilikwenda kukaa mbele, mahali ambapo kila atakayekuja angeniona.